Nani Analala Karakanani

Dada Tabia,

Shikamoo, na mama mpe shikamoo yake. Goti lake linaendeleaje na mvua za Tanga? Sisi hapa Johannesburg wazima, baridi tu inatutafuna. Barua hii anakuletea Chiku mkononi, maana wewe ukipokea simu huweka spika mtaa mzima usikie.

Ule mtihani wa uwakala wa bima nimefaulu. Nilijisomea jikoni, sufuria ikichemka. Kitabu kinasema moto ni janga. Jiko la gesi kando ya sponji na vitambaa ndilo linaloukaribisha. Fidia nayo haikutajirishi, inakurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara. Ila kubwa kuliko yote ni uaminifu: anayekata bima aseme kila jambo zito, hata asiloulizwa. Akificha, halipwi.

Haya yote nilimweleza mume wangu. Mwadini akacheka, akasema bima ni kulipia mkosi kabla haujafika. Hata hivyo akaikatia karakana yake ya makochi pale Fordsburg. Wakala alimuuliza mbele yangu kama kuna mtu analala mle. Akajibu labda panya.

Mwezi uliopita karakana iliungua. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Mkaguzi wa bima alinikuta nafagia majivu, akaniuliza kwa adabu, mama, hawa wanaolala huku nyuma ni kina nani. Nikamwambia hakuna mtu. Akanionyesha jiko la gesi, kitanda, na beseni la kuogeshea mtoto. Eish, dada. Fidia wameikataa.

Aliyekuwa analala mle na mtoto anaitwa Héritière, Mkongo, msusi. Yeye na Mwadini walifunga ndoa mwaka juzi. Sheria ya dini inamruhusu hata wake wanne. Kampuni ilitaka tu kuambiwa nani analala karakanani. Na mimi ningetaka hilo hilo.

Mwadini anaapa alikuwa anasubiri siku nzuri ya kunieleza. Mama na mtoto wake hawana pa kwenda, basi nimewalaza sebuleni kwangu. Mtoto ana masikio ya Mwadini, na kila nikipita ananinyooshea mikono. Sasa mwanamume ananiomba turudishe mambo yalivyokuwa. Nimemwambia hiyo ndiyo fidia, ila pale nilipokuwa kabla ya moto, mwenzangu, sijui kama palikuwepo.

Mama mwambie nimefaulu. Hilo jingine likae kwako, na unitandikie kile kitanda changu cha zamani.

Mdogo wako,
Shufaa