Jembe na Lango la Mfongo

Jumatatu, 4 Februari 2002

Nimekata majani ya ng'ombe mizigo miwili. Nimetoa maotea kwenye migomba ya chini. Mgongo unawaka. Aikande hajatoka ndani tangu chai.

Mjukuu wangu huyo. Miaka ishirini na sita, kasoma hadi chuo Dar, karudi na kompyuta imeviringishwa kwenye godoro kama mgonjwa. Ameiweka kwenye meza ya marehemu babu yake. Kazi yake kuandika mabano. Nimesimama nyuma yake nikatazama. Mabano, ndani mabano, ndani tena mabano. Nikamwambia hata kitunguu kina mwisho. Akacheka. Eti ni lugha, inaitwa Lisp, na programu yake ya kutungia muziki imeandikwa kwa lugha hiyo. Muziki gani? Sijasikia hata filimbi.

Ana barua ya shule ya muziki, huko Ulaya. Wanataka wimbo aliotunga mwenyewe, kwenye sidii, uingie posta kabla mwezi huu haujaisha. Wakiupenda wanamchukua. Wasipoupenda anakwenda soko la Kiboriloni kuuza mitumba na shangazi yake. Mitumba si aibu. Lakini sikumsomesha kwa kahawa ili akunje suruali za Wazungu.

Jumatano, 6 Februari

Amenipa maikrofoni niimbe wimbo wa kuvuna ulezi. Tulipokuwa wasichana tulishuka nao tambarare. Nilijua tangu zamani nina sauti. Nimeimba mara tatu bila kukohoa.

Wimbo ule unataka wawili. Mmoja anaanza, mwenzake anaitika kabla wa kwanza hajamaliza. Anamwingilia, kama maji mawili yakikutana. Mimi ndiye mwanzishaji. Mwitikiaji wangu alikuwa Mama Anaeli, wa ng'ambo ya mfongo, mfereji wetu wa maji. Tulichimbiwa mfereji huo mmoja na mababu, tunakunywa maji mamoja. Sijasema naye miaka kumi na moja. Hata kanisani nakaa upande wa wanaume wazee ili nisimwone kofia.

Ijumaa, 8 Februari

Aikande amekwenda kwa Mama Anaeli bila kuniomba ruhusa. Amemrekodi. Amekula na mtori wake.

Sijala jioni. Nimemwambia sina njaa. Ilikuwa uongo.

Jumatatu, 11 Februari

Ng'ombe amepiga ndoo teke. Maziwa yote chini.

Nimemuuliza Aikande mbona mashine iko kimya. Amenieleza, na mimi si mjinga, nimeelewa. Zamani programu yake ilifanya jambo moja kwa wakati, kama jiko la mafiga matatu lenye chungu kimoja. Sauti yangu ikiisha ndipo ya Mama Anaeli inaanza. Hapo wimbo unakufa. Kwa hiyo anatumia nyuzi. Uzi mmoja unabeba sauti yangu, wa pili sauti ya yule, wa tatu mapigo ya ngoma. Zinakwenda pamoja. Hizo nyuzi hakuzisokota mwenyewe. Watu wengine waliandika kazi hiyo zamani, wakaiweka kwenye kitu wanachokiita maktaba, naye rafiki yake wa chuo akamnakilia kifurushi chake kwenye diski. Maktaba isiyo na kitabu hata kimoja. Haya.

Tatizo, nyuzi zinaanza vizuri, halafu zinaganda. Mashine haifi, hailii. Inakaa tu.

Alhamisi, 14 Februari

Imeganda tena. Mara sita leo.

Nimefanya kosa. Aikande alikuwa bafuni, mashine inaunguruma na kioo hakisogei. Nikaona itashika moto na nyumba ni ya mbao. Nikachomoa waya. Alikuwa hajahifadhi kazi ya siku nzima.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejibu. Alikaa chini sakafuni, mikono magotini. "Basi, Bibi. Shangazi aniwekee nafasi gengeni."

Nimemwambia akaoge tena, amekaa vumbini. Sijui kusema mengine.

Jumamosi, 16 Februari

Leo nimesema jambo ambalo sikukusudia kulisema.

Tulikuwa tunachambua maharage. Nikamuuliza hasa nini kinagombana humo ndani. Akachukua maharage mawili akanionyesha. Hili sauti yako, hili sauti ya Mama Anaeli. Kila mmoja ili aimbe anahitaji vitu viwili, mapigo na spika. Kila kitu kina kufuli, anayekishika anakifunga ili mwingine asikivuruge. Sauti yako inashika mapigo, inangoja spika. Sauti yake imeshika spika, inangoja mapigo. Hakuna anayeachia.

Maharage yaliniponyoka.

Nikamsimulia. Mwaka ule wa ukame tulipogombana, zamu ya maji ilichanganyika. Mimi nilikuwa na jembe la mfongo, lile la ukoo, la kuzibua matope. Mama Anaeli alikuwa amekalia lango. Kakaa kabisa, juu ya vigogo vya mgomba tunavyozibia. Nikasema nipishe lango nikazibue. Akasema nipe jembe nitakupisha. Siku mbili. Maji yote yakashukia mtoni. Maharage yangu yakakauka, na yake yakakauka.

Wazee wa mfongo walikuja wakatoa amri. Anayetaka maji aende langoni kwanza. Asiye na lango asiguse jembe. Lango, halafu jembe, kila mtu, kila siku, hata awe nani. Tangu hapo hakuna aliyekwama.

Aikande akasimama, maharage yakamwagika yote. "Bibi! Wote waanze na mapigo! Asiye na mapigo asiguse spika!" Akakimbilia ndani. Nimeokota maharage peke yangu.

Kitu kimoja sikumwambia. Wazee walisema pia jembe likae langoni. Nikawaambia limepotea, wakanunua jingine. Liko nyuma ya debe langu la mahindi.

Jumanne, 19 Februari

Mashine imeimba. Haikuganda hata mara moja. Aikande amerukaruka mpaka kuku wamekimbia.

Nimesikiliza mara mbili. Nikamwambia ukweli, wimbo huu ni mbaya. Uso wake ukaanguka. Nikaendelea, maana dawa chungu hainywewi nusu. Mimi naimba kama ninayefukuza ngedere shambani. Yule anaitika kama anayehesabu magunia. Hakuna anayemwingilia mwenzake, tunapishana tu. Nyuzi zake zimefanya kazi yao. Sisi ndio hatukufanya yetu.

Akaniuliza, sasa tufanyeje? Nikamwambia aende akamnyweshe ng'ombe maji.

Alhamisi, 21 Februari

Hana furaha. Ameanza kukunja nguo zake.

Kuna njia, najua. Isale. Jani lile la uani, ukimpelekea mtu uliyemkosea lazima akusikilize. Isale haikataliwi. Lakini mimi ndiye mkubwa kwa miaka miwili. Na yeye ndiye aliyekalia lango.

Na mimi ndiye mwenye jembe. Najua.

Ijumaa, 22 Februari

Nimevaa gauni la kanisani. Nimekwenda uani na kisu nikakata isale, jani zuri lisilo na doa. Nageuka, namwona Aikande anapanda kutoka mfongoni. Ameshika isale mikono miwili.

"Shikamoo, Bibi. Mama Anaeli amenituma."

Amenitangulia! Miaka kumi na moja mizima, halafu anitangulie kwa dakika tano! Nimegomba mpaka sauti imekauka. Halafu nimekalia jiwe la kunawia, nimelia.

Jumatatu, 25 Februari

Amekuja. Kazeeka. Nadhani na mimi.

Aikande ametuweka sebuleni, maikrofoni mbili, kila moja na uzi wake ndani ya mashine. Nimeanza. Mama Anaeli akanikatiza.

"Bado unaanza juu kama jogoo," akasema. "Shuka, mwenzako nina meno manne."

Nikashuka. Akaniingilia pale pale pa zamani, kabla sijamaliza. Nywele zilinisimama. Tumeimba mpaka mwisho, na beti mbili nilizozisahau yeye amezikumbuka. Nikamtazama Aikande. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Jumatano, 27 Februari

Aikande ameshuka Moshi na gari la asubuhi. Sidii ameifunga kwenye kitambaa changu cha kichwa. Posta inafungua saa mbili. Kama watamchukua, sijui. Wimbo ni mzuri. Hilo najua.

Nyumba kimya. Zamu ya maji ilikuwa yangu. Nimesogeza debe la mahindi, nimetoa jembe, nimelifuta kutu kwa jani la mgomba. Nimekwenda langoni. Mama Anaeli alikuwa ng'ambo anakata majani. Nimelisimamisha pale linapotakiwa kukaa.

Alishusha mundu akalitazama. Hakuuliza lilikuwa wapi.

Akasema limekufa makali. Nikamwambia basi alinoe. Akavuka, akakaa chini, akatoa tupa kwenye mfuko wa gauni. Nikafungua lango, upande wake kwanza.