Uji wa Kitanda cha Saba

Nelius Muthamia,
Kaaga,
S.L.P. 418,
Meru.

Jumapili, 13 Oktoba 1996.

Mpendwa mwanangu Salesio Kathuri,

Pokea salamu zangu mimi shangazi yako, dada ya marehemu baba yako. Habari za huko Voi? Wambeti na watoto wanaendeleaje? Kile kikohozi cha mdogo nilikiombea kanisani, natumaini kimeisha. Na kazi yako ya reli, bado wanakuheshimu? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua imeanza na shamba la chini bado sijapanda, mwaka huu mikono ni mizito. Ile ng'ombe yangu nyekundu ilizaa ndama jike, na mpaka leo hakuna mtu upande huu wa Kaaga anayepeleka maziwa mengi kama yangu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mama yako alikulea kwao Utaitani na Kimeru unakisikia bila kukisoma. Unajua niliishia darasa la saba. Zamani nilikuwa nikiandika barua ya maana baba yako ananisahihishia. Hii hakuna wa kunisahihishia.

Barua yako ya tarehe mbili niliipata. Nimeisoma mara nne. Umesema umeandikia hospitali, unataka binti yangu Karwirwa anyang'anywe cheti, kwa sababu yeye ndiye aliyempa baba yako Mithika dawa ya usingizi na Mithika hakurudi nyumbani. Kamati itakaa Alhamisi hii kusikiza hayo mashtaka. Halafu mwisho wa barua umeniuliza swali moja: binti yako alimfanya nini baba yangu?

Nitakujibu, Salesio. Wewe umebeba jina la baba yangu Kathuri, na mimi siwezi kumdanganya baba yangu. Lakini niache nifike polepole, maana njia yenyewe ni mbaya.

Kwanza ujue unayemshtaki ni nani. Wewe ulimwona kwenye mazishi tu, na mkono wake ukaukataa mbele ya watu. Karwirwa alikuwa wa kwanza shuleni tangu darasa la tatu, na ripoti zake zote ninazo kwenye sanduku. Akasomea uklinikal ofisa, ule udaktari mdogo, halafu akarudi Nairobi kusomea nusukaputi tu, kazi ya kulaza wagonjwa kwa dawa. Katika lokesheni yetu yote hakuna mtoto mwingine aliyefika huko. Wanawake wa chama chetu hunicheka, wanasema nikisalimiwa habari ya asubuhi mimi hujibu habari ya Karwirwa. Na ni kweli.

Akija likizo alikuwa ananieleza kazi yake tukikoboa mahindi. Alisema zamani, hata huko kwa wazungu, mtu wa kukatwa mguu alikuwa anafungwa kwenye meza kwa kamba, anapewa pombe kali, wanaume wanne wanamkalia, na daktari bora alikuwa yule mwenye mkono wa haraka. Ndipo miaka mia moja na hamsini iliyopita huko Amerika mng'oa meno mmoja akamvutisha mgonjwa mvuke wa dawa inayoitwa etha mbele ya madaktari, mgonjwa akatolewa uvimbe shingoni na hakupiga kelele. Baada ya hapo ikaja klorofomu, na hata Malkia wa Waingereza aliivuta akijifungua. Hilo la Malkia nililipenda sana. Nililisema mpaka sokoni, kwamba kazi ya binti yangu imefika hadi kwa Malkia.

Siku hizi etha wameiacha. Karwirwa ana mashine yenye mitungi ya hewa na dawa nyingine inayoitwa halotheni. Anadunga sindano moja mkononi, mtu analala kabla hajamaliza kusema jina lake. Anamwekea kidoleni kama kibanio cha nguo, kinahesabu hewa iliyo ndani ya damu. Wakati daktari anakata, yeye hatazami kidonda. Anamtazama mtu. Aliniambia, "Mama, anayekata anashika ugonjwa. Mimi ninashika uhai wenyewe, na nikiuachilia kidogo tu, umekwenda." Nilijivuna kwa maneno hayo, nikayarudia kanisani. Sikuyasikia vizuri.

Maana alinieleza jambo lingine pia, na hili ndilo la barua hii. Alisema mtu akilazwa kwa dawa, si macho tu yanayolala. Hata mlango wa koo unalala. Wewe ukilala usiku, mate yakienda vibaya unakohoa, unaamka. Aliyepewa dawa hakohoi. Kitu kilicho tumboni kikipanda, kinaingia moja kwa moja kwenye mapafu, na ile asidi yake inayachoma kama maji ya betri. Ndiyo sababu mgonjwa wa thieta, chumba cha kupasulia, hali wala hanywi tangu jana yake.

Niliyasikia haya kwa masikio yangu, Salesio. Mikono yangu ilikuwa kwenye mahindi na masikio yalisikia.

Lakini mimi nilikuwa na ushahidi wangu. Mwaka wa 1968 nilipasuliwa katika hospitali ya misheni, apendiksi. Wakati huo walikuwa wanafunika uso kwa kitambaa kwenye waya na kudondosha etha juu yake, tone kwa tone, na wewe unahesabu. Ile harufu tamu mbaya naisikia mpaka leo. Asubuhi hiyo marehemu mama yangu Ciakuthii alinipitishia kibuyu cha uji dirishani. Kwetu mtu hapelekwi kwenye kisu tumbo likiwa tupu. Mama alisema masista ni wabahili wa chakula, wanaficha ubahili wao nyuma ya daktari. Nikanywa. Nikapasuliwa. Nikatapika siku mbili na nikaishi. Kwa hivyo miaka hii yote niliamini kwamba sheria ile ni ya kitabu, na uji wa mama ni wa kweli.

Sasa nifike kwa baba yako. Ile henia, ngiri yake, ilikuwa imemsumbua miaka mitatu, na Agosti ikawa inamlaza chini katikati ya miraa yake huko Kangeta. Nikamwambia aje huku, mtoto wetu yuko thieta. Yule mwenzake Karwirwa wa nusukaputi alikuwa na likizo, na Karwirwa hakupenda kumlaza mtu wa damu yake. Alitaka mjomba angoje wiki mbili. Mimi ndiye nilikataa. Nilisema, kwani mgeni ndiye atamshika vizuri kuliko wewe? Nilishawaambia watu wote kwamba binti yangu ndiye atamlaza mjomba wake.

Karwirwa akataka kumdunga sindano ya mgongo, ile inayoua miguu na tumbo huku mtu yuko macho anazungumza. Baba yako akakataa kabisa. Alisikia sokoni kwamba sindano hiyo huharibu mgongo, na mwanaume asiyeweza kubeba fungu la miraa ni mwanaume gani? Akasema, "Mtoto wa Nelius, mimi nilitahiriwa kwenye baridi ya mto na jicho langu halikupepesa. Nilaze kabisa ama unikate hivi hivi." Karwirwa akacheka, akakubali. Akampa masharti mawili. Aache miraa siku tatu, kwa sababu miraa hukimbiza moyo na kupigana na dawa. Na tangu Jumatatu saa mbili ya jioni asitie kitu tumboni.

Miraa aliacha. Ujue hilo kuhusu baba yako. Mtu wa Kangeta, tangu ujana wake, aliacha siku tatu na hakumlalamikia mtu.

Jumanne hiyo, tarehe kumi Septemba, niliamka nikapika uji wa wimbi, ule uliochachuka, nikatia maziwa ya ng'ombe yangu. Nikaujaza kwenye chupa ya chai. Haikuwa saa ya kuona wagonjwa, lakini askari wa geti ananijua. Nilimwambia mimi ni mama ya Karwirwa wa thieta, akanifungulia na kuniamkua. Baba yako alikuwa kitanda cha saba. Juu ya kitanda walikuwa wamebandika karatasi ya kukataza chakula. Niliiona. Niliigeuza ikatazama ukuta.

Alikuwa anatetemeka kwa baridi, amekuwa mdogo ndani ya ile gauni ya hospitali. Akasema, "Nelius, wamesema nisinywe." Nikamwambia, "Wanasemaga. Mama alinipa na niko hapa. Kunywa, na mtoto usimwambie, ataniaibisha mbele ya manesi." Alikunywa vikombe viwili. Akafuta mdomo, akaniambia nimewashinda wapishi wote wa Meru. Nilifunga chupa yangu nikaenda nyumbani nikiwa na furaha.

Ya thieta sikuyaona, alinisimulia Igoki, nesi anayefanya kazi na Karwirwa. Alisema mlangoni Karwirwa alimwuliza, "Mjomba, umetia kitu tumboni tangu jana jioni?" Naye akajibu, "Nimeshika masharti yako." Akamlaza. Kabla hajapitisha mpira wa hewa kooni, uji ukapanda. Igoki anasema hajaona mikono ikienda haraka namna ile, akamgeuza, akamvuta uchafu kwa mashine, akamwekea hewa, akafanya yote yanayofanywa. Lakini ulikuwa umeshaingia.

Siku nne Karwirwa hakuvua viatu. Alikaa kando ya mtungi wa hewa akihesabu pumzi za baba yako. Siku ya pili mimi nilikuwa karibu, baba yako akanishika mkono, akavuta pumzi, akasema, "Uji ulikuwa mzuri. Wewe nyamaza." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonipa ndugu yangu. Jumamosi, tarehe kumi na nne, ukawa mwisho.

Nikanyamaza, kama alivyoniambia. Nilipika kwenye mazishi, nikakupakulia wewe mwenyewe chakula, nikanyamaza. Nilikuona unaukataa mkono wa Karwirwa kaburini. Nikaangalia chini.

Barua yako ilipofika, nilikaa nayo siku tatu. Ijumaa iliyopita Karwirwa alikuja, tukakaa jikoni tukimenya ndizi. Nikasema, "Karwirwa, ni mimi nilimpa uji." Hakuinua macho. Akasema, "Nilijua tangu siku ile, mama. Nimekunywa uji wako miaka ishirini na sita, siwezi kuukosea."

Nikamwuliza kwa nini hakuandika hivyo kwenye ripoti. Akasema aliandika kwamba kulikuwa na chakula tumboni na kwamba yeye hakukigundua mapema. Zaidi ya hapo angeandika nini, jina la mama yake?

Halafu akasema neno ambalo limenikaa kifuani. "Na mimi nina langu. Mgonjwa mwingine mzee namwuliza mara tatu, tena namwuliza kwa ukali. Mjomba nilimwuliza mara moja. Niliona haya kumhoji mjomba wangu kama mwizi wa chakula." Nakuandikia hata hilo, ingawa linaweza kumwumiza kwa kamati, kwa sababu atalisema mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyo. Lakini wewe fikiria, Salesio: nani alimlazimisha kumlaza mjomba wake? Na huyo mjomba alijifunza uwongo huo kwa nani, dakika arobaini kabla?

Tangu Septemba Karwirwa akija nyumbani anakula. Uji hanywi. Nikiupika anatoka nje, anasema anaangalia ndama.

Basi swali lako nimelijibu. Binti yangu alimfanyia baba yako kila alichofundishwa. Mimi ndiye nilimpeleka Mithika thieta na tumbo limejaa, na niliweka uwongo mdomoni mwake. Barua hii nitaiposti kesho, na posta yetu unaijua, itakufikia baada ya Alhamisi. Nimetaka iwe hivyo. Sikuandikii ili uondoe mashtaka. Alhamisi nitakuwa nimeshaketi mbele ya kamati na chupa yangu ya chai mezani, niwaambie jinsi nilivyopita geti, na karatasi niliyoigeuza. Muthamia, mume wangu, amesema atanisindikiza hadi mlangoni. Wakitaka kuita polisi, waite. Kanisani nimeshaacha kiti changu cha mbele, kabla hawajaniondoa.

Nakuomba kitu kimoja. Usiniandikie mimi kama moyo unakataa. Mwandikie Karwirwa, hata mistari miwili. Anaamka kila siku kwenda kulaza watu wa wenyewe, na Igoki ananiambia siku hizi anamwuliza kila mgonjwa mara tano, mpaka wengine wanamkasirikia.

Nisalimie mama yako, umwambie sikumsahau. Msalimie Wambeti na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Muthamia anakusalimu, na kijana wetu Kinyua pia, yeye ndiye anachunga kaburi la baba yako na amepanda maua kandokando. Mungu wa baba yetu Kathuri akulinde njiani na kazini, akufungulie pumzi kila asubuhi, na asikuache uje ubebe kitu kama hiki changu.

Ni mimi nitakayekupenda hata ukinikana,
shangazi yako Nelius, mama ya Karwirwa,
niliyempikia baba yako.