Hatukugongwa, Shangazi

Nyumbani, mezani kwa Mama,
Jumapili, tarehe 9 Machi

Leo nimeapa kukueleza kila kitu, hata yale yanayoniaibisha mimi mwenyewe, na sitaweka kalamu chini mpaka yaishe.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui tena unapopanda ngazi za wodini. Je, bado wanakupangia zamu za asubuhi? Na hao watoto unaowapokea kila siku, hawajambo? Sisi huku afya zetu ni nzuri. Mama amepona mafua, Baba anakohoa kidogo tu, na mimi nimekuwa wa pili darasani katika hisabati. Hapo habari njema zimekwisha.

Baba alikwambia kwenye simu kwamba gari lako ulilotuachia limegongwa. Nilikuwa nimeketi karibu naye alipokuwa akisema. Hatukugongwa, Shangazi. Tuligonga. Na aliyekuwa anaendesha si Baba, ni Kaka.

Ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi. Mama alikuwa ametutuma tukachukue mapazia kwa dobi. Kaka alikuwa na leseni ya wiki tatu, na nywele alizonyolewa dakika kumi tu kabla ya safari. Barabara ya mbele ya duka la dawa ilikuwa tupu. Akakigeuza kioo cha ndani, kile cha kutazamia nyuma, akakielekeza usoni mwake. "Hebu niambie ukweli," akasema, "kinyozi hajanipunja upande wa kushoto?" Nikageuka kumtazama, na kabla sijamjibu tukasikia kishindo. Tulikuwa tumeuvaa ubavu wa gari dogo la kijivu lililoegeshwa kando, limezimwa, halina kosa lolote duniani.

Gari hilo ni la fundi saa, yule mwenye duka jembamba lililobanwa kati ya duka la dawa na kinyozi. Mguu wake wa kulia haukunjiki, na pedali za gari lake zilibadilishwa ili aendeshe kwa mguu wa kushoto peke yake. Alitoka dukani na lenzi yake ya kazi ikiwa bado imekwama jichoni. Hakulitazama gari. Alinitazama mimi. "Binti, umeumia? Hebu geuza shingo nione." Ndipo akamgeukia Kaka. Kaka akasema, "Kosa langu, mzee wangu. Kosa langu kabisa. Bima ipo, itakutengenezea." Wakapeana mikono. Fundi saa akasema basi hakuna haja ya kuita polisi, vijana wote huanza hivyo. Siku ile nilimwonea fahari kaka yangu.

Jumanne akaja wakala wa bima. Sisi tumempa jina la Bwana Asali kwa sababu ya sauti yake. Hulamba kidole kila anapofunua karatasi, kisha kidole hicho huingia kwenye sahani ya biskuti, kisha hurudi ulimini. Sikula biskuti siku hiyo wala tangu siku hiyo. Akauliza, "Nani alikuwa anaendesha?" Kaka akafungua mdomo. Bwana Asali akakiinua kile kidole. "Polepole, kijana. Fikirini vizuri kabla hamjanijibu. Bima ya gari hili haimtambui dereva mwenye leseni ya chini ya mwaka mmoja. Mimi bado sijasikia kitu." Kisha Baba akakohoa, akasema, "Nilikuwa naendesha mimi."

Baba, Shangazi! Kaka yako, ambaye kazi yake ni kuzunguka sokoni akipima mizani za wauza nyama na kuzigonga muhuri kwamba hazidanganyi.

Labda hilo ningelimeza, maana mzazi humfichia mwanawe. Lakini Bwana Asali hakuishia hapo. Aliposikia kwamba polisi hawakuitwa, uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeokota pochi. "Basi mambo ni mepesi! Gari lile lilikuwa linatoka. Lilichomoka ghafla bila taa wala ishara, likawaingilia." Akatueleza kwamba fundi saa ana bima ndogo tu, ile inayowalipa wengine na kumwacha mwenye gari. Akionekana ndiye mwenye kosa, bima yake italitengeneza gari lako, na la kwake atajijua mwenyewe. Na bima yako, yenye miaka tisa bila doa, itabaki safi. "Unaona?" Baba akamwambia Mama. "Tunamlinda wifi yako." Hiyo ndiyo sababu waliyoishika mpaka leo. Yote haya, ati, ni kwa ajili yako.

Sasa nafika kwenye sehemu yangu. Unajua kwamba tangu nikiwa darasa la nne barua zote za nyumba hii naandika mimi, kwa sababu ya mwandiko wangu. Za shule, za mwenye nyumba, za pole, za harusi. Baba akasukuma fomu mbele yangu kama kawaida. "Karani wetu, kazi kwako." Nikauliza, "Na fundi saa je?" Bwana Asali akacheka. "Yule ana bima yake, mrembo. Wewe andika." Nikamtazama Mama. Alikuwa anafuta makombo mahali ambapo alikwisha kufuta.

Nikaandika. Fomu ina nafasi ya mchoro, kwa hiyo nikaenda mwenyewe, kwa miguu yangu, kuleta vifaa vyangu vya jiometri. Barabara nikaichora kwa rula. Gari la fundi saa nikalichora likichomoza kutoka ukingoni kwa nyuzi thelathini, na kimshale cha kuonyesha linakoelekea, gari ambalo lilikuwa limezimwa! Baba akauinua mchoro dirishani. "Mnaona mambo? Hata wakili hachori hivi." Wakacheka, na mimi, Shangazi, nikatabasamu. Nilitabasamu kwa kuwa nimesifiwa. Hilo linanitia kichefuchefu kuliko kidole cha Bwana Asali.

Fundi saa sasa huenda dukani kwa miguu. Darasa letu linatazama barabara, na kila asubuhi namwona akienda geti mpaka geti. Kila geti husimama, hushika nguzo, hupumua, kisha huuvuta ule mguu na kuendelea. Ijumaa alinikuta njiani. Akaniuliza kama shingo haijaanza kuuma, maana maumivu ya ajali huchelewa. Kisha, kwa adabu kabisa, akaniuliza kama nimesikia lolote kuhusu bima, kwa sababu yule kijana alimwahidi. Nikamwambia nachelewa kipindi. Ilikuwa saa kumi jioni na shule ilikwisha kufungwa.

Sitaki umwone Kaka kuwa mtu mbaya. Mwezi ujao anatakiwa kuanza kazi ya kuendesha gari la mikate, na mwenye kiwanda amesema hataki dereva aliyewahi kugonga. Mama alinivuta jikoni, akanishika mikono yote miwili. "Mwanangu, kaka yako amekaa miaka miwili hana kazi. Unataka akae na wa tatu?" Sitaki. Lakini jana nilimkuta Kaka amesimama ng'ambo ya duka la fundi saa, kofia mkononi, anautazama mlango. Alisimama muda mrefu, kisha akaondoka. Nilipomwuliza tulipofika nyumbani, alinifokea: "Wewe si ndiye uliyechora?" Hakukosea. Hata hivyo nimefurahi kwamba alikwenda mpaka pale.

Nilimwomba Baba tuiandike upya. Akasema, "Ile ni karatasi tu. Kampuni haina mtoto atakayelala njaa. Usituletee mahubiri mezani." Nikamjibu kwamba fundi saa si kampuni. Tangu hapo hanitumi hata maji ya kunywa. Naye akiketi kula, anakula vizuri, anaongeza, anamsifu Mama kwa mchuzi, na mimi namtazama kama mgeni aliyevaa shati la Baba. Nisamehe kwa kusema hivyo juu ya kaka yako. Nimeapa kukueleza kila kitu.

Nakuandikia wewe kwa sababu gari na bima viko kwa jina lako, na fomu haikamiliki mpaka mwenye gari aweke sahihi. Baba ataituma Jumatano. Mahali pako pamekwisha kuwekewa alama ya penseli ili usihangaike kusoma mengine. Barua hii nitaitia posta kesho asubuhi kabla ya kengele, ili iitangulie fomu. Sikuweza kupiga simu, maana simu ni ya Mama na anayeongea husikilizwa na nyumba nzima. Humu ndani nimekuwekea mchoro mwingine. Nimeuchora kwa rula ile ile, na gari la kijivu limeegeshwa, halina kimshale. Chini yake nimeandika jina langu lote.

Najua ukikataa, bima haitalipa chochote, na magari yote mawili yatakuwa juu yetu. Najua Baba atajua mara moja ni nani aliyesema, na Kaka huenda akaikosa mikate. Sijui tutapata wapi. Lakini humu nyumbani tuna miguu minane inayokunjika. Naona gari la fundi saa lingetangulia kwa fundi wa bodi, na sisi tutembee kwanza.

Nisalimie sana mapacha wako, uwaambie nitawaletea zile stempu nikija likizo. Msalimie pia mzee wa getini kwako, yule Kipara, kama bado anaimba. Mungu akutunzie mikono yako unapowapokea watoto wa watu, na akurudishe nyumbani salama kila zamu.

Jibu lako usilitume hapa nyumbani, litume shuleni kwa mkono wa mwalimu wangu wa darasa. Anwani nimeiandika nyuma ya bahasha. Tafadhali nijibu siku hiyo hiyo utakayoisoma hii, hata kwa neno moja, maana kila asubuhi fundi saa anapita chini ya dirisha na sijui nimwambie nini. Fomu ile ikifika mikononi mwako, Shangazi, utaitia sahihi?

Ni mimi nikupendaye na kukungoja,
Binti wa kaka yako