Mlango wa Mama Zubeda

Wanyonyi, mwenzangu wa rika,

Nakuandikia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwuliza. Mpangaji wako wa Kanduyi, Mama Zubeda yule wa cherehani, anataka nyumba yangu ya pembeni hapa Kitale. Binti yake ameolewa huku, na mama mwenyewe ameshahama kwako, amepata kibanda cha kushonea karibu na soko la hapa. Mkataba uko mezani mbele yangu. Kilichobaki ni sahihi, na mkono wangu hautaki. Anarudi Jumamosi.

Unajua taratibu zangu. Kwanza nataka kitambulisho, nisome jina kwa macho yangu badala ya kutajiwa, maana mtu anaweza kuwa na jina la kanisani na jina la kazini, na siku ya taabu hujui umtafute nani. Nataka kwenda anapofanya kazi, nimwone akifanya. Nataka kujua watakaolala humo ndani, kwa sababu nyumba huombwa na mtu mmoja, kisha godoro la pili linashuka, la tatu, na jogoo juu yake. Haya yote kwa Mama Zubeda nimeyamaliza. Limebaki moja, lile ulilonifundisha wewe: mwulize mwenye nyumba alikotoka. Na mwenye nyumba alikotoka ni wewe.

Mpangaji alipotoka kwako kuja kwangu, au kwangu kwenda kwako, hatukuulizana kama ni mtu mzuri. Ulisema kila mtu ni mzuri siku anapotafuta nyumba. Tuliulizana swali moja tu: "Aliachaje mrango?" Anayehama, ulisema, sakafu ataifagia kwa sababu anajua utaiangalia. Lakini mlango huguswa mwisho, mzigo ukiwa umeshapakiwa na hakuna anayemtazama. Akiondoka na kitasa, au akiacha bawaba moja inaning'inia, hapo umemjua. Miaka yote nilikusahihisha: mlango, Wanyonyi, si mrango. Nawe ukanijibu, "Bana, mimi nafundisha hesabu. Kiswahili ni shauri yako." Siku hizi hata wapangaji wangu wanasema mrango. Na kwa hilo pia umenishinda.

Maana nimekuonea wivu, ndugu yangu, na bado nakuonea. Tulijenga wakati mmoja, miaka ya themanini ikianza, mabati ya duka moja, fundi yule yule. Mimi nikaandika mkataba wa kurasa nne: nani atatengeneza bomba, notisi itolewe vipi, makaa yasiwashwe ndani. Wewe ukaandika ukurasa mmoja, ukawasomea kwa sauti, kwa Kibukusu kwa aliyetaka Kibukusu. Wewe na mpangaji mlitembea chumba kwa chumba mkijaribu kila kufuli pamoja, ndipo mkatia sahihi, nakala yako na nakala yake. Mpangaji mmoja nilipompa wangu aliugeuzageuza, akaniuliza, "Mwalimu, hii ni nyumba ama ni mtihani?" Ulipoisikia hadithi hiyo ulicheka hadi ukashika ukuta. Wapangaji wako walikaa hadi watoto wao wakaoa. Wangu walihama kabla sijazoea majina yao.

Halafu mazishi yako. Wapangaji wako walichota maji, wakapika, wakabeba viti. Mama Zubeda alilia kuliko dada zako. Watu waliniona nimeinamisha kichwa wakadhani ni huzuni, na huzuni ilikuwepo, ilikuwa kubwa... lakini katikati yake nilikuwa najiuliza ni nani katika ploti yangu atakayeniletea hata ndoo moja ya maji siku yangu. Ulikuwa ndani ya jeneza, na nilikuonea wivu.

Sasa huyu anakuja kwangu. Alipoikagua nyumba, kila hatua ilikuwa wewe. Dirishani: "Mzee Wanyonyi, Mungu amrehemu, alikuwa anatuwekea wavu." Chooni: "Kwa Mzee Wanyonyi tulikuwa tunaosha kwa zamu, na yeye yumo." Kwenye bomba alitabasamu tu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nikajiona nikizeeka katika ua wangu mwenyewe, nikipimwa kila asubuhi na mtu aliyezikwa Kanduyi. Nilikaribia kumwambia nyumba imeshachukuliwa.

Lakini mimi ni mtu wa utaratibu. Nilikwenda Kanduyi kuuona huo mlango. Mkeo hajambo. Amekonda kidogo, na ng'ombe wako mweusi amezaa. Alinipa chai, akaniuliza, "Shemeji, umekuja kumsalimia marehemu ama kukagua?" Nikasema yote mawili. Akanipa ufunguo.

Mlango ulifunguka bila kulia. Kitasa kipo, komeo lipo, bawaba zimepakwa mafuta ya cherehani. Nilizigusa nikanusa kidole. Ningepaswa kufurahi. Nilinuna. Kisha nikaingia, na sakafuni, pale kitanda kilipokuwa, nikaona duara la alama ya beseni. Nikatazama juu. Bati limeliwa na kutu, mbingu inaonekana. Mkeo akasema, "Hiyo? Imevuja miaka. Mzee alikuwa anasema kesho, kesho. Mama Zubeda akawa anasogeza tu kitanda."

Wanyonyi, nilifurahi! Nilifurahi kama aliyeshinda kesi. Nilikaa kizingitini nikacheka peke yangu hadi mkeo akanitazama vibaya. Wewe wa chumba kwa chumba! Wewe wa kila kufuli!

Furaha ile ilinibeba karibu nusu ya njia ya kurudi. Halafu nikakumbuka: mabati ya duka moja, fundi yule yule. Nilipofika Kitale sikuingia hata ndani. Niliegemeza ngazi kwenye nyumba ya pembeni nikapanda, mke wangu akipiga kelele chini, "Baba Wekesa, shuka! Si utavunjika wewe!" Kutu iko pale pale, tundu lile lile. Kifungu cha kwanza cha mkataba wangu, kwa mwandiko wangu mzuri, kinasema nyumba iko katika hali nzuri. Nimewachunguza watu kazini kwao na hadi majina yao, na kitu pekee ambacho mimi ndiye ninayekitolea dhamana sikuwahi kukipandia ngazi.

Na nilipokuwa bado juu ya ngazi, wivu ukarudi, mpya kabisa. Yule mama alilala na beseni kando ya kitanda, na bado akakulilia vile. Ungekuwa huna kosa ningeelewa.

Mabati mapya yamekuja, fundi anapanda kesho. Jumamosi nitamwaga ndoo ya maji juu ya paa, Mama Zubeda akiwa ndani, athibitishe mwenyewe. Tutapita chumba kwa chumba. Mkataba nimeupunguza hadi kurasa mbili, usinicheke, na nitamsomea kwa sauti. Kisha nitatia sahihi. Akikutaja nitanyamaza. Lakini mvua ya kwanza ikinyesha nitapita polepole nje ya dirisha lake, nisikie anamtaja nani.

Nakuahidi jambo moja. Nimeweka bati moja kando kwa ajili ya Kanduyi. Nitakwenda nalo mimi mwenyewe, nizibe tundu lako, na Mama Zubeda hatajua kamwe kwamba nililiona. Abaki na Mzee Wanyonyi wake.

Lala salama, rafiki yangu. Na kama kuna mtu huko aliyekuuliza ulikotoka, akataka kujua kwa mwenzako uliyemwacha huku, jibu langu ni hili: nimekwenda, nimeugusa kwa mkono wangu. Mrango uliuacha vizuri.

Wako,
Mwalimu