Wa Jirani

Yokote, Akita
Januari

Kwa dada yangu mpendwa Fumie,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba lile goti halikusumbui tena. Sisi tunapumua, ingawa theluji imefika madirishani. Mama mkwe anakushukuru kwa machungwa.

Uliuliza hali ya mume wangu Yasutaka. Mwili umepona. Ukimpa randa, analainisha ubao kama seremala yule yule uliyemjua. Lakini tangu mshipa upasuke na damu kuvuja kuuzunguka ubongo, mambo mapya hayamkai kichwani. Ya zamani anayo. Ya leo yanapotea. Daktari ametuambia wazi kwamba baada ya miaka minne tusitegemee nafuu zaidi. Ukimuuliza katoka wapi, atasema katoka kuezeka hekalu, na hadanganyi, anaamini kabisa. Juzi mama yake alimtania, “Hekalu gani hilo paa haliishi? Au unawala watawa pesa zao?” Yasutaka akacheka hadi akapaliwa na chai. Punde akatuambia tena katoka hekaluni, na safari hii hakuna aliyecheka.

Alipoanguka nilikuwa mjamzito, unakumbuka. Kwa hiyo binti yetu Chinatsu hayumo kabisa kichwani mwake. Kila asubuhi humkuta mezani na kumuuliza kwa upole, “We mzuri, mtoto wa nani?” Nami humjibu, “Wako.” Hapo hufunika uso, hulia, humwomba mtoto msamaha. Ikifika mchana ameshasahau, anauliza upya.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Wiki iliyopita alipouliza, kabla sijafungua mdomo, Chinatsu alimjibu, “Wa jirani, mjomba.” Yasutaka akatabasamu, akammegea samaki wake, wakala wakichekeana. Nilimvuta mtoto jikoni nikamuuliza kwa nini kasema vile. Akaniambia, “Nikiwa wa jirani, halii.”

Dada, sikumsahihisha. Tangu siku ile sote tunasema hivyo hivyo, hata mama mkwe, na nyumba imetulia kama yenye msiba.

Nakuomba umpokee Chinatsu mwezi wa Aprili, asome chekechea huko kwako. Nitabaki na mume wangu. Ila mtoto akae mahali ambapo akiulizwa ni wa nani, atamtaja baba yake.

Msalimie sana shemeji, na ujifunike vizuri na baridi hii.

Mdogo wako,
Orie