Kofi Nililompiga Mzee Ntandu

Mungaa, Jumanne

Nimempiga kofi Mzee Ntandu mbele ya wajukuu wake, eti kwa kuchelewa kuja kuchimba lambo. Ni rika la marehemu baba.

Watu walinitaka niwe jumbe kwa sababu ya vita vya Burma. Kule niliwatoa askari wangu wote msituni wakiwa hai, na hapa kila nyumba inaisimulia habari hiyo. Nikadhani kuongoza kijiji ni vilevile, kutoa amri na kutiiwa.

Mzee aliokota kofia yake, akaniambia taratibu, "Mwanangu, tulikuombea urudi kutoka vitani. Mbona bado uko huko?"

Watu waliendelea kuchimba bila kunitazama.

Kesho asubuhi nitakwenda kwake kumwomba radhi. Nitaanza na shikamoo. Leo hata hiyo sikumpa.