Gesi ya AC na Keki ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Keki ya mteja imefika imelala. Imelala kabisa! Maua ya krimu niliyoyakamua saa nzima yameteleza mpaka ubavuni kama tope. Mteja alinitazama tu. Afadhali angenitukana. Njia nzima AC ya gari letu ilikuwa inapuliza hewa ya moto, mimi nyuma nimelikumbatia boksi, jasho linanitiririka mpaka kwenye kope. Mume wangu — dereva wa ofisi miaka ishirini na miwili, hajapata hata mkwaruzo, kila mgeni akija nyumbani lazima aambiwe — anasema gesi imeisha tu, tutaongeza. Nikamuuliza, umepima? Eti gesi ni gesi, inapimwa nini.

Jumamosi wifi yangu anaolewa. Keki ya ngazi tatu. Krimu tupu, kwa amri ya mama mkwe. Mungu wangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia fundi wa AC, yule wanayemwita Taratibu. Hana nafasi mpaka keshokutwa. Lakini kanielekeza. Kuendesha sijui, kuwasha najua! Nimefunga vioo, AC mpaka mwisho, feni mpaka mwisho, kipimajoto changu cha kuchemshia sukari nimekichomeka kwenye tundu la hewa la katikati. Dakika kumi na tano. Nje nyuzi thelathini na mbili, tunduni ishirini na nne. Fundi alisema ikipita kumi na mbili, tuna kesi. Nikafungua boneti nisikilize kompresa. Ta! imeshika. Ta! imeachia. Hata sekunde kumi haimalizi. Nikampigia tena. Huenda gesi imepungua, akasema, lakini bila geji ya kupima presha ni kupiga ramli, usimruhusu mtu kuongeza.

Nakata simu, huyo hapo bwana kaingia na makopo mawili ya gesi! Nimesema weee, sikusikilizwa. Kajaza. Ikapoa — nyuzi tisa. Kanicheka mpaka chai ikampalia. Nimenywea.

Jumatano, 5 Machi

Nyuzi kumi na sita tunduni. Sijamwambia. Ajionee mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Ishirini na mbili! Gesi ya makopo yote mawili imekwenda na upepo.

Taratibu kaja saa nne. Kazunguka gari kama anayetaka kulinunua. Kaunganisha geji zake, mpira mwekundu, mpira wa bluu, kawasha, kaangalia, kaangalia tena. Nilitaka kumtikisa. Mwisho akasema gesi ni kidogo pande zote mbili. Mume wangu huyo, kifua mbele: "Si nilisema?"

"Umesema kweli, bosi," fundi akajibu. "Lakini gesi hailiwi. Kama imepungua, imetoka. Kama imetoka, kuna tundu."

Kapaka povu la sabuni kwenye mabomba. Hamna kitu. Akaingiza kichwa mbele, nyuma ya bampa, kwenye ile rejeta ndogo ya AC. Pembeni kushoto kuna doa la mafuta, na bomba limekunjwa. Akapaka povu hapo, likaanza kuchemka palepale. Akaniambia mimi, si bwana: "Mama, gari hili limegonga kitu. Na bampa limesukumwa likarudishwa kwa mkono."

Nikamgeukia dereva wa miaka ishirini na miwili. Eti jiwe. Jiwe la kuruka, urefu wa kiuno!

Rejeta mpya haipatikani kabla ya Jumatatu. Nimembembeleza fundi mpaka kaziba kwa gundi ya chuma na kujaza gesi kwa kipimo. Kasema itanifikisha ukumbini, kunirudisha hajaahidi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeoka tangu alfajiri. Mama mkwe kapiga simu mara tatu kuuliza kama krimu ni nyeupe kweli au nyeupe ya njano. Nimempigia mwenye teksi aibebe keki, naye hawezi, kesho yuko kwenye msafara wa harusi hiyohiyo. Mume wangu anapita jikoni hanitazami. Sahani yake kaiosha mwenyewe. Ana lake huyu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimekaa ukingoni mwa barabara, daftari gotini.

Tumetoka saa tatu kamili. AC safi, keki imesimama kama askari. Kwenye kona ya kituo cha mafuta — kwaaa! Kioo cha pembeni cha kushoto hakipo tena. Kimebaki kwenye nguzo. Nguzo nyeupe, nene kama pipa, mchana kweupe! Keki haikupata kitu. Yeye kaegesha, mikono juu ya usukani.

Nimefoka. Kila nilichokuwa nacho tangu Jumatatu nimekitoa. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Sikuiona."

"Hukuionaje?"

"Sikuiona, mke wangu. Hata ile nguzo ya ofisini, iliyokunja bampa, sikuiona."

Jicho la kushoto. Tangu mwezi wa kumi na moja. Ukungu kwanza, sasa giza. Hospitali hajaenda, maana ofisini wakijua watachukua ufunguo wa gari lao siku hiyohiyo. Miezi minne anabeba watu! Miezi minne ananibeba mimi! Na mimi nimeshikilia gesi, gesi.

Nilitaka kuendelea kufoka. Nikaona kidevu chake kinacheza, nikashuka garini.

Wifi kapiga mara nne. Sijapokea. Ukumbi uko dakika kumi mbele, jua limeshafika kwenye kioo cha nyuma, na krimu ya ngazi ya juu imeanza kung'aa.

Kawasha gari. Ananiita nipande, nikae mbele, kushoto kwake. Kashusha kioo, ameinamia upande wangu, na anauliza — yeye, ambaye barabarani hajawahi kumuuliza mtu — kama huku kushoto kuko wazi.